Mwezi Ukiwa Mpevu, Tukutane Shuleni: Harambee ya Chumba cha Kompyuta

Ndugu zetu, wajomba na mashangazi, na nyote mliosoma hapa mkatawanyika Mwanza mjini, Geita, Dar es Salaam na kwingineko,

Tunawasalimu kutoka mwambao wa Ghuba ya Speke, wilayani Magu. Sisi kamati ya wazazi wa sekondari yetu ya kata tunawaomba mtusaidie kufungua chumba cha kompyuta ambacho hakitakufa.

Cha kwanza kilikufa. Miaka kadhaa iliyopita tulipewa kompyuta 8 za mezani, tukapiga vigelegele. Umeme ukakatika na kurudi kwa kishindo, mbili zikaungua. Mwalimu aliyezijua akahamishwa. Zilizobaki zimefunikwa kanga ofisini mpaka leo. Aliyetoa hatumlaumu hata kidogo. Ni sisi tuliopokea mashine bila kuuliza nani atazifundishia na zitakula nini.

Kwa hiyo mnaotuuliza kama kweli mambo ya kidijitali yanaweza kumnyanyua mtoto wa mvuvi, mna haki ya kuuliza. Jibu letu liko mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Mnakumbuka, kabla ya M-Pesa kuingia Tanzania mwaka 2008, jinsi fedha za dagaa zilivyosafiri: zinafungwa kwenye pindo la kanga, zinapanda basi kutoka soko la samaki la Kirumba, Mwanza mjini, na nyingine hazikufika nyumbani. Leo mama anayeanika dagaa anapiga simu Kirumba kabla hajapakia gunia. Anauliza bei, anauliza kama wanunuzi wa Kongo wapo, na malipo yanamkuta hapahapa kijijini. Lakini simu peke yake isingemfikisha hapo. Palikuwa na wakala wa M-Pesa jirani, akamwelekeza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka akaweza mwenyewe.

Shuleni kwetu mtu wa kuelekeza kama wakala huyo hayupo. Na siku hizi milango mingi imehamia mtandaoni: mhitimu wa kidato cha nne hubadilisha tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano, kwenye mfumo wa TAMISEMI, mkopo wa elimu ya juu wa HESLB huombwa mtandaoni, kazi za serikali vilevile kupitia Sekretarieti ya Ajira. Binti mmoja wa hapa alifaulu vizuri Baiolojia na Kemia. Akaenda mjini, akamlipa mtu amjazie. Alitaka PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), ikaandikwa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), na hakujua mpaka majina ya waliochaguliwa yalipotoka. Alikuwa na ndoto ya kuwa daktari. Mama yake yumo kwenye kamati hii, na ndiye aliyesema tuwaandikie.

Tena vitabu. Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada vya kusoma bure, ila kwa mtoto asiye na simu janja wala bando, viko mbali kama ng'ambo ya ziwa.

Safari hii tumeanza na mwalimu na umeme. Tumempata kijana wa hapahapa, mhitimu wa TEHAMA, aliye tayari kufundisha kwa posho ya shilingi 250,000 kwa mwezi. Mwaka mzima ni 3,000,000. Sola na betri ni 3,800,000, ili tusitegemee gridi. Kompyuta mpakato 12 zilizotumika, kila moja 450,000, ni 5,400,000. Tumechagua mpakato kwa kuwa zinakula umeme kidogo. Seva ndogo (kompyuta ya kuhifadhi masomo ya wote), ruta na bando ni 900,000. Seva hiyo itabeba Wikipedia na masomo kwa programu za Kiwix na Kolibri, zinazofanya kazi bila intaneti, hivyo bando litabaki kwa maombi na vitabu vya mtandaoni. Meza, mlango wa chuma na nondo za madirisha ni 1,500,000. Jumla shilingi 14,600,000.

Wazazi tumeshatoa 2,350,000. Wengine walitoa fedha, wengine ndoo za dagaa tukaziuza. Bado 12,250,000.

Jioni, madarasa yakifungwa, chumba kitakuwa wazi kwa vijana waliomaliza shule na kwa akina mama wa mwaloni wanaotaka kujifunza kuweka hesabu za biashara. Watachangia kidogo, na hicho ndicho kitakachomlipa mwalimu mwaka wa pili.

Harambee itafanyika uwanja wa shule, Jumamosi ya kwanza mwezi ukiwa mpevu, kwa sababu usiku wa mbalamwezi mitumbwi ya dagaa haiingii ziwani na kila mtu yuko nchi kavu. Usiyeweza kufika, mchango wako upite akaunti ya shule tu, nasi tutakurudishia risiti; usitume kwenye simu ya mtu yeyote, hata akijiita mwanakamati. Mwenye kompyuta mpakato nzima asiyoitumia alete, kijana wetu ataikagua kwanza. Majina na kiasi vitabandikwa kwenye ubao wa shule na wa ofisi ya kijiji, pamoja na kila shilingi iliyotumika.

Wabeja sana, yaani asanteni sana.

Kamati ya Wazazi