Barua ya wazi kwa Katibu wa Idara ya Barabara na Majengo wa Gujarat, jimbo la India, kuhusu ukaguzi wa madaraja

Mheshimiwa Katibu,

Nakuandikia kutoka Mombasa, mji wenye familia nyingi zilizo na jamaa zao Kutch, Jamnagar na Morbi, na ambako habari ya daraja kuanguka katika jimbo lako hupokewa kama habari ya msiba wa nyumbani. Naomba ripoti ya ukaguzi ya kila daraja la Gujarat, liwe la idara yako au la manispaa, itangazwe kwa Kigujarati mara inapotiwa saini, na mhandisi aliyekagua awe na mamlaka ya kulifunga daraja siku hiyohiyo.

Daraja la kuning'inia la Morbi, lililojengwa katika karne ya 19, lilifunguliwa tena tarehe 26 Oktoba 2022 baada ya matengenezo, na jioni ya tarehe 30 likakatika likiwa limejaa watu waliokuwa katika mapumziko ya sikukuu ya Diwali. Watu 135 walifariki. Wachunguzi walioteuliwa na serikali ya jimbo walieleza kwamba waya 22 kati ya 49 za kamba kuu moja zilikuwa zimeliwa na kutu na huenda zilikwisha kukatika kabla ya siku ile, kwamba vyuma vya zamani vya kushikilia sakafu vilichomelewa kwenye vipya badala ya kubadilishwa, na kwamba mbao za sakafu ziliondolewa zikawekwa bamba za alumini zilizoongeza uzito. Kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa kampuni inayojulikana kwa kutengeneza saa za ukutani, na daraja lilifunguliwa bila cheti cha usalama na bila kupimwa uwezo wake wa kubeba watu. Kutu ya namna hiyo haiji kwa wiki moja. Ingeonekana na yeyote aliyetumwa kuitazama kwa makini.

Wapo waliosema kwamba Morbi lilikuwa jambo la manispaa. Daraja la Gambhira, Mheshimiwa, lilikuwa chini ya idara yako. Lilifunguliwa mwaka 1985 juu ya mto Mahisagar, likiunganisha wilaya za Vadodara na Anand na kubeba malori yanayoelekea Saurashtra, eneo la magharibi mwa Gujarat, na asubuhi ya tarehe 9 Julai 2025 sehemu yake iliporomoka, magari yakatumbukia mtoni, na watu wasiopungua 20 wakafa. Wakazi walikuwa wamelalamika kuhusu hali yake miaka kadhaa kabla, na ujenzi wa daraja jipya ulikuwa umekwisha kuidhinishwa. Hapo ndipo ninaposhindwa kuelewa: ikiwa serikali ilikubali kwamba daraja la zamani lahitaji mrithi, kwa nini malori mazito yaliendelea kulipita kila siku?

Baada ya ajali wahandisi wanne walisimamishwa kazi, na ukaguzi wa haraka ukafanya zaidi ya madaraja 100 yafungwe, mengine kabisa, mengine kwa magari mazito tu. Naheshimu hatua hiyo, kwa sababu imeokoa maisha. Lakini madaraja hayo hayakuharibika ndani ya wiki ile, na kama hali yake ingekuwa imetangazwa mapema, dereva wa lori angejua, diwani angeuliza, na mhandisi wa ngazi ya chini anayeogopa lawama ya kufunga barabara angekuwa na karatasi ya kumkinga.

Najua mtasema kwamba matangazo ya namna hii yataleta hofu, na kwamba kufunga daraja kunawagharimu wakulima na wafanyabiashara wanaolazimika kuzunguka mbali. Gharama hiyo ni ya kweli, na ndiyo sababu ipangwe mapema. Gujarat inaweza: baada ya tetemeko la Januari 2001 lililouvunja mji wa Bhuj, jimbo liliunda mamlaka ya kusimamia maafa mwezi uliofuata tu.

Basi naomba kila daraja liwekwe ubao unaoonyesha tarehe ya ukaguzi wa mwisho, uzito unaoruhusiwa na namba ya simu ya ofisi inayowajibika, na mkaguzi asiwe mtumishi wa ofisi iliyolijenga wala mkandarasi anayelitengeneza. Pale ambapo daraja jipya limeidhinishwa kwa sababu ya ubovu wa la zamani, magari mazito yazuiwe kuanzia siku ya idhini, hata kabla mkandarasi hajapatikana.

Wako kwa heshima,
Mkazi wa Mombasa