Alamu za minara ziunganishwe, kisha zijaribiwe

Kwa Mhariri,

Mimi ni fundi wa redio za maikrowevu, zile zinazorusha simu zetu kutoka mlima hadi mlima. Kwa miaka 17 nimezunguka minara ya Nyanza na Magharibi. Naomba nafasi nizungumzie plagi ndogo ya alamu iliyo kwenye redio hizo, ambayo wengi wanaiacha hivi hivi.

Aprili iliyopita, saa tisa na robo usiku, nilipigiwa simu nikiwa nyumbani Kondele. Kituo kimoja upande wa Nandi kimezimika. Wenzangu wa zamu waliona tu kwamba redio ya Kisumu haipokei chochote kutoka kule. Mvua ya radi ilikuwa imepiga jioni, tukadhani upepo umegeuza dishi. Nikapakia spana, mkanda wa kupandia na redio ya akiba, nikaondoka. Kufika, dishi liko imara. Kilichokosekana ni dizeli.

Mlinzi akaniambia stima ilipotea saa moja jioni, jenereta ikakohoa mara mbili ikanyamaza. Betri zikabeba kituo kwa muda wa saa nane nzima, hadi volti ziliposhuka karibu 43 mtambo ukajikata ili betri zisiharibike. Saa nane! Kutoka Kisumu hadi pale hazifiki saa mbili kwa gari. Nilipomulika tochi kwenye redio, plagi ya alamu ilikuwa bado ndani ya mfuko wake wa plastiki, imening'inizwa kando ya kabati. Baadaye niliisoma fomu ya kupokea kituo kile. Mbele ya neno "alamu" palikuwa na alama ya vema.

Kulipokucha, nesi wa zahanati iliyo chini ya mnara alikuja hadi langoni. "Fundi, usiku nilikuwa na mama wa uchungu na simu haishiki. Tumempeleka na bodaboda kwenye matope." Mama na mtoto wako salama, namshukuru Mungu. Lakini maneno yale bado ninayo.

Kazi ya plagi hiyo si ngumu. Swichi ya mlango, rileyi (swichi inayojigeuza yenyewe) ya stima, geji ya dizeli, taa nyekundu za kileleni zinazoonya ndege: kila kimoja kinaleta nyaya mbili. Redio inaangalia kama nyaya zimegusana au zimeachana, na kupeleka habari hiyo ng'ambo pamoja na simu zetu. Redio nyingi zina hata njia ndogo ya data pembeni, kama ya kilobiti 64 kwa sekunde, inayotosha kusoma mita za jenereta ukiwa mjini. Ila yote hayo yanapita kwenye redio ile ile, na redio ikizimika hakuna kinachopita. Kwa hiyo anayeunganisha alamu ya betri kuisha akaacha ya stima kupotea, hajatusaidia. Ningeambiwa saa moja jioni kwamba stima imepotea na jenereta imekataa, ningebeba mitungi ya dizeli badala ya spana, na yule mama angeitiwa ambulensi.

Kuna jambo lingine. Nyaya hizi ziwe zimegusana wakati wote ni shwari, ziachane penye hatari. Niliwahi kukuta panya amekata waya wa geji ya dizeli. Kwa vile ulikuwa umeungwa kinyume, skrini ya mjini iliendelea kuonyesha tangi limejaa. Ungeungwa sawasawa, jino la panya lenyewe lingetuita. Na kwingine nilifungua mlango tu, mjini wakaniuliza kama kuna moto, kwa sababu pini zilibadilishana majina.

Ombi langu ni kwa wanaotia sahihi fomu hizo. Asitie mtu sahihi mpaka mmoja asimame kituoni na mwingine akae mbele ya skrini, simu sikioni. Fungua mlango, uliza ameona nini. Zima stima, uliza. Chomoa waya, uliza tena. Kile kituo cha Nandi nilikirudia wiki iliyofuata na mita tano za kebo, nikaunga na kujaribu alamu zote. Ilinichukua dakika 45.

Fundi wa redio,
Kondele, Kisumu