Rangi mpya haikaushi ukuta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye nyumba wa Moshi, pamoja na wapangaji wenzangu, kuhusu ukungu wa ukutani.

Tulihamia Rau mwaka jana mwezi wa pili. Chumba cha watoto kilikuwa kimetoka kupigwa rangi. Mvua za Aprili zilipokolea, madoa meusi yakaota nyuma ya kabati, yakapanda hadi usawa wa dirisha. Nguo za kanisani zikaanza kutoka kabatini na vumbi la kijani. Mwanangu wa pili ana pumu; akawa anakohoa usiku kucha. Mara tatu tulirudi kutoka kutibiwa na dawa ya maji ya kifua, na hakuna aliyeuliza mtoto analala wapi. Juni alikwenda likizo kwa bibi yake Same, kule kukavu, akalala bila kukohoa. Hapo ndipo nilipoukodolea macho ule ukuta.

Mwenye nyumba alileta fundi, akapaka rangi juu ya madoa. Masika ya mwaka huu madoa yote yakarudi, na rangi ikabanduka magamba. Tukaambiwa hatufungui madirisha. Kweli, hewa inasaidia, lakini ukungu ni kuvu, na kuvu haioti pasipo maji. Fundi wa pili, mzee mmoja, alizunguka nje kabla hajaingia ndani. Gata lilikuwa limepasuka, maji ya bati yanashukia ukutani, na udongo wa migomba umerundikwa juu kupita msingi. Akashusha udongo, akabadilisha gata, akabomoa plasta iliyooza. Tulisubiri wiki kadhaa ukuta ukauke, ndipo tukasugua madoa yaliyobaki kwa maji ya sabuni, tumevaa barakoa, madirisha wazi. Godoro tulilitupa, na liliniuma, maana ukungu ukishazama kwenye sponji hautoki.

Wengi tunakimbilia jiki. Inafifisha doa, lakini maji yanayolisha ukungu yanabaki pale pale. Na jamani, msiichanganye na dawa ya kusafishia choo: inatoa gesi ya klorini, inachoma mapafu.

Haya si mambo ya mama mwenye wasiwasi. Tangu mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lina mwongozo unaosema wanaoishi kwenye nyumba zenye unyevu na ukungu wako kwenye hatari zaidi ya magonjwa ya njia ya hewa na ya pumu kuzidi.

Kwa hiyo nawaomba wenye nyumba: kabla hamjamwita mpaka rangi, tazameni gata na msingi. Maofisa afya wa manispaa, mkija kukagua vyoo vyetu, ingieni na vyumbani. Nanyi waganga, mtoto akirudi mara ya pili na kikohozi kile kile, mwulizeni mama yake ukuta wa kitandani ukoje.

Mama wa watoto watatu,
Rau, Moshi