Bei ya keezo la mabakuli, na kwa nini kila mara naitwa mwizi

Juzi tena nimeletewa voisi ya dakika nne. Kijana fundi, mkono wake mzuri wallahi, siku zote akereza vibakuli vidogo vya kuuzia wageni, sasa hoteli moja imemuagiza mabakuli ya saladi ya inchi 14 na keezo lake la juu ya meza (keezo ni ile mashine ya kuzungusha mbao ukiikata kwa patasi) mwisho wake inchi 10. Nikampa bei ya mashine kubwa, kufika Amu (Lamu) na kufungwa mpaka izunguke. Akaenda kuangalia kwa simu akaona nyengine imeandikwa inchi 14 kwa theluthi ya bei yangu, ndio hiyo voisi, ati mimi nauza jina.

Haya shekhe, tuongee.

Ile inchi 14 ni nafasi tu. Maana yake kutoka katikati ya spindo, ule mhimili unaozungusha mbao, mpaka kwenye kitanda cha mashine kuna inchi 7, bakuli litapita bila kugusa chuma, basi. Haikwambii kama mashine italiweza. Cha kuuliza kwanza ni spidi ya chini kabisa, na hapa ndipo watu wengi waruka. Hesabu yetu wakerezaji ni hii: upana wa bakuli kwa inchi, zidisha na raundi za dakika moja, jawabu likae kati ya 6,000 na 9,000. Bakuli la 14 basi ni kama raundi 430 mpaka 640, na hiyo ni mbao ishakuwa duara. Gogo likiwa bado bonde bonde, upande mmoja mzito, mimi naanza 200 na nasimama pembeni, sisimami mbele yake. Nikamwambia nitumie picha ya ile mashine ya bei rahisi, spidi ya chini imeandikwa 750. Piga hesabu mwenyewe. Wazee wa hapa walikereza miguu ya vitanda kwa keezo la uta, mbao yaenda mbele yarudi nyuma, hakuna aliyekuwa na haraka.

Kuna mwengine hakununua kabisa, alisema tatizo ni mota, akatoa mota ya pampu ya maji ya hoasipawa 2 akaifunga kwenye keezo lake dogo. Mota ya pampu yenda karibu raundi 2,800, na puli alizokuwa nazo hazikuweza kuishusha. Nguvu alipata, upole hakupata. Akainua kichwa cha mashine kwa vipande vya mbambakofi ili apate nafasi, kichwa cha mbele na cha nyuma vikawa havitazamani tena, akafunga nusu gogo la mwembe mbichi akawasha. Gogo lilitoka kwenye chaki, ile taya inayoshika mbao, likapita kopo la vanishi likenda kusimama kwenye baraza ya jirani, na alhamdulillahi jirani alikuwa msikitini. Spindo imepinda, beringi zimekufa. Mwisho akanunua mashine kubwa kwangu kwa bei ile ile aliyoikataa, juu yake na gharama ya mota.

Sasa mnalipia nini. Mnalipia chuma cha kalibu sio mabomba mawili, mota ya fezi tatu na inverta yake, kile kisanduku cha kuigeuzia umeme na kupunguza spidi, kwa hivyo waitia umeme wa kawaida wa nyumbani wa 240 na wapunguza spidi kwa kitasa cha kuzungusha. Ila kitasa peke yake hakitoshi! Mteja mmoja wa Malindi alinipigia na matusi kwamba mashine haina nguvu, ikigusa patasi yasimama. Nikapanda basi. Kufika, mkanda uko puli ya mbio halafu ameishusha kwa kitasa mpaka chini, mota yanguruma yachemka. Nikahamisha mkanda puli ya polepole, dakika tano, ikakata mbao kama halua. Akakasirika tena kulipa nauli na siku yangu, na mkanda nilimuonyesha siku ya kwanza.

Uzito nao ni pesa. Keezo la maana la mabakuli ni kilo 150 kwenda juu, likiwa jepesi latembea chumba kizima kama mbuzi. Huku hakuna lori la kukuletea mlangoni, ni gati ya Mokowe upande wa bara, boti, kisha mahamali kwenye vichochoro, nalifungua kitanda mbali miguu mbali ndio lipite. Halafu twaweka magunia ya mchanga chini kwenye miguu. Mchanga uwe mkavu na usiwe wa pwani, chumvi yavuta unyevu na chuma chaoza (na vile vilima vya mchanga vya Shela msiviguse, ndivyo vyatuhifadhia maji yetu). Kitanda nakipaka nta, ukikiacha kitupu wakati wa kusi utakuta kutu asubuhi.

Jambo dogo la mwisho, chaki yako ya zamani. Keezo dogo mara nyingi hesi za spindo, pale chaki inapofungwa, ni inchi moja, kubwa ni inchi moja na robo au milimita 33. Chaki zengine hubadilishwa kipande cha katikati tu, nyengine ni za kununua upya. Pima kabla hujalipa. Usimpelekee mchomaji akuungie kipande, nimeshaona, bakuli lazunguka kama mlevi na kosa lawa la mbao.

Yule kijana wa voisi sina ugomvi naye. Na lile dogo lake asiliuze, vibakuli vidogo bado ndio mkate wa kila siku. Keezo langu alasiri halina kazi, aje akereze mawili ya hayo ya hoteli halafu aende na simu yake tena akaangalie. Chai juu yangu, mwembe aje nao, na bobari, ile patasi ya mfereji, aje imenolewa kabisa, sinoi vya watu.