Katuni ruksa, jukwaani marufuku

Ndugu mhariri,

Nimeisoma makala yenu ya Jumapili kuhusu katuni za siasa enzi za Malkia Victoria, nimeifurahia kusema kweli, ila pale mlipoandika kwamba Waingereza wa wakati ule walikuwa huru kumcheka kiongozi yeyote, hapo nimegoma. Huru wapi? Kwenye karatasi ndiyo. Jukwaani yalikuwa mambo mengine kabisa na nyie hamkugusa hata kidogo.

Punch, lile gazeti la vichekesho la London, mmelitaja, sawa, limeanza 1841, na kweli hili neno katuni kwa maana yetu ya leo limetokea humo. 1843 bunge jipya linajengwa London, yakafanyika maonyesho ya michoro ya awali ya kupamba kuta, ile michoro ndo ilikuwa inaitwa katuni, basi Punch nao wakachomekea ya kwao, maskini wenye matambara wamesimama wanakodolea picha za wakubwa. Jina likaganda. Baadaye akaja John Tenniel, mchoraji wa Punch, akamchora mwanasiasa mkubwa Gladstone miaka na miaka anavyotaka yeye na hakuna aliyemgonga mlango.

Sasa mwaka huohuo 1843 ikapitishwa sheria ya maigizo. Mchezo wowote mpya lazima skripti iende kwa Lord Chamberlain, yaani ofisa mkubwa wa nyumba ya Malkia, siku 7 kabla, asome, akisema hapana ni hapana. Hiyo kitu imekuja kufutwa 1968, jamani, juzi tu.

Machi 1873 pale ukumbi wa Court Theatre, Chelsea, London, ukaanza mchezo unaitwa The Happy Land. Mmoja wa walioandika ni W.S. Gilbert, mtunzi wa michezo ya kuchekesha, ila alijificha kwa jina la bandia, hakuwa mjinga. Stori yenyewe ni viumbe wa kike wanaoishi juu mawinguni, wanaletewa wanaume watatu kutoka duniani wawafundishe namna ya kuendesha serikali, kwenye skripti wanaitwa Mr G., Mr L. na Mr A. basi, herufi tupu. Pazia linafunguka, watu wanamuona Gladstone waziri mkuu, huyu hapa, na Lowe wa fedha na Ayrton wa majengo ya serikali, sura zimepakwa rangi mpaka zimefanana, nguo zilezile, halafu wanacheza dansi! Na Lowe huyu miaka miwili nyuma alitaka kutoza kodi viberiti, watengeneza viberiti wakaandamana hadi bungeni akaufyata, kwa hiyo watu walikuwa wanamsubiri kwa hamu.

Siku chache tu, kibali kikafutwa. Ofisa akasema alichosoma sicho kinachochezwa, maneno yameongezwa, na hizo sura hazikuwemo. Mama aliyekuwa anaendesha ukumbi, Marie Litton, akarudisha mchezo wale watatu wakiwa wamefutwa rangi. Ila akachapisha kitabu cha mchezo na yale yaliyokatazwa yakawekwa kwa herufi kubwa ili kila mtu ayaone vizuri, nimempenda sana huyu mama. Na gazeti la Illustrated London News mwezi huohuo likachapa mchoro wa wale watatu wakicheza na sura zao zote. Yaani uso uliokatazwa jukwaani ukauzwa mtaani kwenye karatasi na hakuna aliyeshtuka.

Mimi hili linanigusa maana nina kikundi cha maigizo. Mwaka fulani tulipeleka skripti ofisi moja, ikarudi na muhuri, safi. Siku ya shughuli kijana wetu akajaza mto tumboni, akatembea mikono nyuma taratiibu, hajasema neno hata moja, watu wakaanza kuangusha vicheko maana walishajua ni nani. Akaja bwana mmoja nyuma ya jukwaa, toeni mto. Tukamwambia mzee mbona skripti mmepitisha, akasema kwenye skripti hakuna mto. Na kweli hakukuwa na mto.

Mnaona lakini? Katuni mtu anaisoma peke yake na chai yake, anaguna, anafunua ukurasa. Ukumbini jirani yako akicheka na wewe unacheka, na mkubwa anayesanifiwa anasikia ukubwa wa kile kicheko. Hicho ndo walikiogopa.

Tenniel walimpa usir, ile heshima ya kuitwa Sir, 1893, Gladstone akiwa waziri mkuu, na ni yeye aliyempendekeza, mtu aliyemchora miaka yote hiyo! Gilbert je? Mwenzake wa muziki, Sullivan, aliupata 1883, Gilbert akakaa mpaka 1907. Sisemi sababu ni ule mchezo, nasema tu hesabuni miaka.

Halafu ile katuni ya Cecil Rhodes mliyoweka, yule tajiri wa Kiingereza aliyetaka Afrika iwe yao toka Cape kule kusini hadi Cairo, ya Punch ya 1892, mguu mmoja Cairo mwingine Cape, bunduki begani, waya wa telegrafu mikononi na sisi wote tuko chini ya suruali yake, nyie mmeandika anakosolewa. Mi naona kama kaenda studio kupigwa picha. Mkirudia makala toeni hiyo, muweke wale watatu wakicheza dansi.

Msomaji wenu wa kila Jumapili,
Tanga