Anayetaka kustaafia Karibiani aanze na pensheni, bahari baadaye

Mhariri,

Nimesoma swali la yule msomaji wenu aliyeko Uingereza, dereva wa basi anayekaribia kustaafu pamoja na mkewe, ambaye anataka kuhamia kisiwa chochote cha Karibiani kwa sababu ameona kwenye video kwamba maisha ya huko ni nafuu. Neno lililonishtua ni "chochote". Naomba nafasi nimjibu, na pia niwajibu Wakenya na Watanzania wengi walioko huko ambao najua wana wazo kama lake.

Mimi ni mzaliwa wa Wundanyi, Taita. Nilifanya kazi ya uuguzi Birmingham hadi uzeeni, nikaolewa na Mjamaika, na baada ya kustaafu tulikuja kukaa kwao, katika mji wa Mandeville ulio milimani. Tunaishi kwa pensheni zetu mbili, basi. Hatuna biashara wala nyumba ya kupangisha London.

Jambo la kwanza kabisa ambalo video hazisemi ni kwamba pensheni ya serikali ya Uingereza haiendi na mtu kila mahali kwa namna moja. Hulipwa popote duniani, lakini nyongeza ya kila Aprili hufika katika baadhi ya nchi tu. Katika visiwa hivi, Jamaika na Barbados zina mikataba ya hifadhi ya jamii na Uingereza, kwa hiyo nyongeza inatufuata. Bermuda nayo imo, ila huko si Karibiani hasa, na si mahali pa mtu wa kipato kidogo. Saint Lucia, Grenada, Antigua, Dominica na Trinidad hazimo. Ukihamia huko, kiwango ulichokwenda nacho ndicho utakachokufa nacho.

Tazameni hesabu yake. Mtu aliyeanza kulipwa pensheni mpya Aprili 2016 akiwa na michango kamili ya miaka 35 alipata pauni 155.65 kwa wiki. Kama alikuja Jamaika, katika mwaka wa fedha wa 2025/26 alilipwa pauni 230.25. Mwenzake aliyefungasha siku hiyohiyo akaenda Grenada aliendelea kupokea 155.65 ileile, ilhali bei za Grenada hazikumsubiri. Walichangia sawa. Pengine walifanya kazi wodi moja. Zaidi ya watu laki nne duniani wanaishi hivi, na kwangu mimi hii ni dhuluma.

Na sisi tusidhani ni shida ya visiwani pekee. Kenya na Tanzania pia hazimo katika nchi zinazopata nyongeza. Ndugu zangu Taita wameniuliza mara nyingi kwa nini hatukurudi nyumbani kustaafu, na hili ni sehemu ya jibu. Nimekutana na wauguzi wa kwetu, watu wenye akili timamu na miaka mingi ya michango, ambao hawakuwa wamewahi kulisikia.

Huduma ya afya ya bure ya Uingereza nayo hutegemea ukaazi. Ukihama umeiacha. Hapa hospitali za serikali ziliondoa ada mwaka 2008, na uko mfuko wa taifa wa afya unaopunguza bei ya dawa za shinikizo la damu, kisukari na maradhi mengine ya kudumu kwa wakaazi waliosajiliwa. Unatusaidia sana. Foleni hospitalini ni ndefu, kwa hiyo weka akiba ya daktari wa binafsi.

Sasa maisha yenyewe. Ukila cha hapa, utakula vizuri kwa pesa kidogo. Soko la Mandeville lina viazi vikuu, majimbi, ndizi mbichi, na mchicha ambao wao huuita callaloo. Shelisheli, lile tunda la wanga ambalo watu wa Pwani wanalijua, lililetwa hapa mwaka 1793 ili kuwalisha watumwa mashambani, na leo ni chakula cha kila nyumba. Mume wangu hulichoma zima juu ya mkaa, akiligeuzageuza hadi ganda liwe jeusi tititi, kisha hulimenya likiwa bado linafuka moshi na kulikata vipande vya kula na samaki. Chakula hicho hakitukaushi mfuko. Kinachoukausha ni kapu la dukani: jibini, nafaka za boksi, sabuni za Ulaya, vyote vimevuka bahari na kulipiwa ushuru. Anayetaka kuendelea kula kama Birmingham, heri abaki Birmingham.

Umeme ni ghali, maana kisiwa kinaagiza mafuta na gesi kutoka nje. Tena ni wa volti 110. Nimeona watu wakishusha kontena lenye friji, mashine ya kufulia na birika la umeme kutoka Uingereza, vyote vya volti 230, na ghafla hawana pa kuvichomeka bila transfoma. Leteni matandiko, vyombo na vifaa vya kazi. Mjamaika anayerudi baada ya kuishi nje miaka mitatu mfululizo anaweza kupata msamaha wa ushuru kwa vitu vyake vya nyumbani, lakini usiutumie msamaha huo kwa friji isiyowaka.

Mkoa wetu hapa Jamaika, nao huitwa Manchester, ni wa mawe ya chokaa. Mvua inanyesha, lakini maji huzama chini na mito ni michache. Nyumba isiyo na tangi la kukingia maji ya paa usiinunue hata ikiwa na maua namna gani.

Hapo ndipo nifike kwenye paa, kwa sababu paa ndilo linaloamua kama mtu wa kipato kidogo atadumu huku. Julai 2024 Kimbunga Beryl kilipita pwani ya kusini. Oktoba 28, 2025 kikaja Melissa, cha daraja la 5, kikatua Westmoreland upande wa magharibi, na mji wa Black River katika mkoa jirani wa St. Elizabeth ukavunjika vibaya. Kwetu umeme ulipotea kwa muda mrefu, lakini paa lilibaki. Kabla ya kuhamia, fundi alipanda juu akatuonyesha boriti moja baada ya nyingine: zilishikwa ukutani kwa misumari tu, na mingine ilishaliwa na kutu hadi ikawa myembamba kama njiti. Akafunga kila boriti kwa mkanda wa chuma, akang'oa misumari ya mabati na kutia skurubu badala yake. Kazi hiyo ilimeza fedha tulizoweka kwa ajili ya gari. Sasa tunapanda teksi za pamoja zenye namba nyekundu, zinazopakia abiria kama matatu, na tunafika kila tunakokwenda. Kama una fedha za kitu kimoja tu, tengeneza paa.

Kuhusu ardhi, wasomaji wa Mombasa wanajua habari ya nyumba iliyosimama juu ya ardhi isiyo ya mwenye nyumba. Hapa iko ardhi ya ukoo, ambayo wazao wote wana haki nayo na hakuna mmoja awezaye kuiuza peke yake. Wifi yangu anaishi kwenye ardhi ya namna hiyo, na ndiye aliyetusihi tusijenge pale bali tutafute kiwanja chenye hati iliyosajiliwa. Alitupenda kwa kutuambia hivyo. Mgeni atakayeonyeshwa kiwanja cha bei ya chini mno aulize hati kwanza, na wakili awe wake mwenyewe, asiwe wa muuzaji.

Mimi nilipata ukaazi kwa njia ya ndoa. Asiye na mwenzi Mjamaika ataomba kibali na kuonyesha kipato chake. Wanaoitazama Jamhuri ya Dominika wajue kwamba sheria yao ya mwaka 2007 kwa wastaafu inataka pensheni ya angalau dola 1,500 za Marekani kwa mwezi, na dola 250 zaidi kwa kila mtegemezi. Pensheni moja kamili ya serikali ya Uingereza haifiki hapo, na kule nako haiongezwi. Kile kibali cha Barbados kinachotangazwa sana tangu 2020 ni cha watu wenye kipato cha dola 50,000 za Marekani kwa mwaka wanaofanyia kazi mtandaoni. Hakikuandikwa kwa ajili ya dereva wa basi na mkewe.

Nisifiche upande mwingine: ni mbali na kwetu. Njia nyingi kutoka Nairobi hupitia Ulaya au Marekani, na ndugu wa kawaida hawezi kumudu nauli hiyo. Tuna majirani wema sana, lakini Kiswahili nazungumza kwenye simu tu.

Namwomba yule msomaji, kabla hajauza chochote, aiandikie idara ya pensheni ya kimataifa ya Uingereza aulize nchi anayoitaka inapata nyongeza au haipati, na jibu alipate kwa maandishi. Akishahama, ile fomu ya kuthibitisha kwamba bado yu hai ikija kwa posta airudishe haraka, maana wasipoipata husimamisha malipo.

Nanyi Mhariri, nawaomba mchapishe orodha ya nchi zinazopata nyongeza na zisizopata, kwa Kiswahili, mahali ambapo watu wetu wataiona. Tena mziulize serikali za Nairobi na Dodoma kama zimewahi kuiweka hoja hii mezani katika mazungumzo na London. Jamaika na Barbados zina mikataba. Wauguzi, madereva na wafagizi wetu walikatwa michango ileile.

Muuguzi mstaafu,
Mandeville, Jamaika