Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Walimu wa Bendi za Shule

Ndugu wanachama,

Mwaka huu hakuna kikao kilichopita bila ombi la vyombo vipya. Kabla ya kuanza kusaka fedha, kamati iliona tukafungue kwanza makabati. Mimi nilipangiwa shule tatu, na nilirudi na aibu kidogo, kwani mengi niliyoyakuta nimewahi kuyafanya mwenyewe.

Kabati moja lilikuwa na tarumbeta lililobandikwa karatasi: "BOVU". Ukilipuliza, pumzi inagota. Nikafungua vali, vile vibomba vitatu vinavyobonyezwa kwa vidole. Iliyochongwa namba 1 ilikaa kwenye tundu la 3, na ya 3 kwenye la 1. Bila shaka mtoto alizitoa zote pamoja azisafishe, akazirudisha kwa kubahatisha. Nilizipanga upya, nikatia mafuta matone mawili matatu, tarumbeta likalia. Lilikuwa limelala humo muhula mzima! Wafundisheni watoto kutoa vali moja, kuisafisha na kuirudisha, ndipo waiguse nyingine. Mdomo wa kupulizia ukikwama kwenye chombo, msiushike kwa koleo, mtapinda bomba. Kipo kifaa maalumu cha kuutolea, na kamati itanunua vichache vya kuazimana.

Kuhusu nota, wengi mmelalamikia bei. Nyimbo za gwaride za John Philip Sousa, aliyefariki mwaka 1932, zinapatikana bure kwenye tovuti ya bendi ya kikosi cha Marine cha Marekani, ambayo yeye mwenyewe aliiongoza kuanzia 1880 hadi 1892. Mtapata nota za kila chombo pamoja na rekodi. Tahadhari: ziliandikwa kwa wapigaji waliokomaa, na sehemu ya klarineti ya kwanza itawatoa jasho wanafunzi wenu. Ziandikeni upya kwa MuseScore, programu ya bure, mkishusha nota za juu mno. Ukimpa mpigaji wa saksafoni ya alto sehemu ya klarineti, programu yenyewe inambadilishia nota zilingane na chombo chake.

Jambo la masikio tumelipuuza mno. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inapendekeza mtu asizidishe saa 8 kwa siku kwenye kelele ya desibeli 85, na kila zinapoongezeka 3 muda huo ukatwe nusu. Kwenye desibeli 100 zinabaki dakika 15. Ngoma na tarumbeta katika darasa la kuta tupu hufika huko bila taabu. Mimi sikio la kushoto linanililia usiku. Miaka yote nilisimama mbele ya ngoma nikiona fahari. Tundikeni mapazia mazito, na walio karibu na ngoma wavae vizibo.

Mpango wa walimu wazoefu kuwalea wapya haukwenda. Tulipanga majina, tukasahau kupanga siku. Hesabu atazisoma mhazini.

Katika mkutano mkuu, kila mmoja aje na chombo kimoja alichokibandika karatasi ya ubovu. Tutavifungua kwanza, ajenda baadaye.

Mwenyekiti